Wayeye na Utunzaji wa Nyoka katika Usukuma

Mkulima wa mpunga wa Kagongwa, karibu na Kahama, hana budi kuingia katika majaruba ambamo nyoka nao huwinda panya na vyura. Hofu yake si ya bure: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Wazee wa Usukuma waliikabili hofu ya viumbe wakali kwa njia mbili.

Njia ya kwanza imo katika hadithi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu na mifugo yao, hata akazaliwa Masala Kulangwa, akaliua na kuwakomboa. Hapo kiumbe wa kutisha huangamizwa.

Njia ya pili imo katika historia, nayo ni Buyeye, chama cha Wayeye. Mtu hakuwa Myeye kwa ujasiri tu. Alipitishwa katika mafunzo na miiko ya chama, akajifunza kuwatambua nyoka, kuwakamata, na kutumia dawa za mitishamba kwa walioumwa. Mwaka 1946 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alichapisha uchunguzi juu ya chama hicho.

Wayeye walicheza ngoma pamoja na nyoka. Watazamaji waliona uchawi. Sisi tunaona kazi ya utunzaji. Chatu hana sumu, lakini ana nguvu za kumkaba mtu. Akaribiapo kujivua gamba, macho yake hufunga ukungu, naye huwa mwepesi wa kukasirika. Amtunzaye asipoyajua hayo hafiki mbali.

Hata hivyo, tusiwasifu wazee kupita kiasi. Elimu iliyofungwa kwa siri za chama huzikwa pamoja na mwenye kuijua. Leo anayeumwa na nyoka apelekwe hospitali bila kuchelewa. Lakini ngoma ya chatu, ambayo kituo cha Bujora huko Kisesa kimesaidia kuihifadhi, ikitengwa na elimu yake, itabaki kuwa tamasha tupu.

Kwa hiyo, mwalimu anayesoma na wanafunzi wake riwaya za kubuni juu ya watunzaji wa viumbe vya ajabu, na awakumbushe kwamba Usukuma ulikuwa na watunzaji wa kweli. Masala Kulangwa alimshinda adui yake kwa kumuua. Myeye alimshinda wake kwa kumjua.