Tangazo likisema "Tshopo", ni Tshopo gani?

Hapa Kisangani watu wanaleta redioni matangazo ya kila namna: kilio, mtoto amepotea, karte ya uchaguzi imeokotwa, mbuzi ametoroka. Mengi yanaharibika ku jina la mahali. Tshopo ni jimbo, lililozaliwa 2015 wakati Province Orientale ilipogawanywa. Tshopo tena ni komini ya mji, na ni mto wenye barrage ya umeme. Hata Kisangani ni jina la mji mzima na la komini moja.

Komini ni sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko kuume kwa mto Kongo, Lubunga peke yake iko ng'ambo. Ndugu wa Mangobo akisikia kilio kiko Lubunga, anajua ni kuvuka maji kwanza, toleka baadaye. Asipoambiwa, atafika kaburi limekwisha kufunikwa.

Kwa hiyo andika komini, kata, avenii, halafu alama watu wanayojua: soko, kanisa, beach. Kwa kilio, saa ya maziko. Kwa mtoto, umri, nguo, mahali alionekana mwisho, na kama anasema Kiswahili ao Lingala. Hiyo wazazi wanaisahau sana.

Karte iliyookotwa, taja jina tu. Namba usiisome: watu wanaitumia kama kitambulisho, na mwenyewe ataitaja akija kuichukua.