Biti ya kunata: kutoka mbio za PDP-11 hadi ulinzi wa saraka ya /tmp

Katikati ya miaka ya 1970, kompyuta moja ya PDP-11 iliyoendeshwa kwa Unix ilihudumia watumiaji kadhaa kwa wakati mmoja. Kumbukumbu yake ilikuwa finyu, hivyo programu zilipokezana nafasi: moja ikihamishiwa kwenye eneo maalumu la diski, nyingine ikaingia. Kuanzisha programu kulichosha zaidi. Vipande vya faili lake vilitawanyika, na kichwa cha diski kikalazimika kuhama huku na huko kuvikusanya.

Dawa ilikuja na toleo la tano la Unix, mwaka 1974, kutoka Maabara za Bell nchini Marekani, walikofanya kazi waundaji wa Unix, Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kwenye ruhusa za faili iliongezwa biti moja, ile ya kunata. Kwa kawaida, mtumiaji wa mwisho alipofunga programu, nakala ya maagizo yake ilifutwa. Biti hiyo ikiwashwa, nakala ilibaki katika lile eneo maalumu, ikiwa imepangwa mfululizo. Aliyeiita tena aliipata kwa mkupuo mmoja, na programu zilizotumiwa kutwa nzima, kama kihariri cha matini, zikafunguka haraka.

Faida hiyo ilikuwa na gharama. Eneo lenyewe lilikuwa dogo, kwa hiyo msimamizi mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuiwasha. Tena, kuweka toleo jipya la programu kulihitaji kwanza kuiondoa nakala ya zamani iliyonata.

Mwaka 1979, 3BSD, toleo jingine la Unix, ilileta kwenye mashine za VAX utaratibu wa kupakia kurasa za programu pale tu zinapohitajika. Kumbukumbu nazo zikazidi kukua, na mifumo ikaanza kuhifadhi humo yaliyosomwa karibuni. Kazi ya kwanza ya biti ikakosa maana. Linux huipuuza kabisa kwenye faili za programu.

Hata hivyo, haikutupwa. Katika Unix, haki ya kufuta faili hutokana na ruhusa za saraka lilimo. Saraka ya /tmp, ya kuwekea faili za muda, iko wazi kwa wote, hivyo yeyote angeweza kufuta kazi ya mwenzake. Mwaka 1986, 4.3BSD iliipa biti ileile jukumu jipya: ikiwashwa kwenye saraka, anayeweza kufuta faili ni mwenye faili, mwenye saraka au msimamizi mkuu. Ndiyo sababu /tmp huwekewa ruhusa 1777, ile 1 ya mwanzo ikiwa ndiyo biti yenyewe.

Uamuzi huo unastahili heshima. Biti 12 za ruhusa zilikuwa zimekwisha kugawiwa kazi. Kwa kuitumia upya iliyokuwapo, wahandisi waliwalinda watumiaji bila kugusa muundo wa diski wala kuvuruga programu zilizotangulia.