Frasila na Mabega: Kumsoma Upya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi tunamjua kwa lakabu ya Tippu Tip, alipata jambo ambalo matajiri wachache wa karne ya 19 walilipata: maisha yake aliyasimulia mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, W. H. Whiteley akayafasiri kwa Kiingereza miaka ya 1950, na tangu hapo yamesomwa kama chimbuko la tawasifu katika lugha yetu. Sifa hiyo ya kifasihi anaistahili. Nathari yake ni ya mtu aliyezoea kuhesabu. Haipambwi wala haizunguki. Ila kadiri kitabu kilivyosifiwa, ndivyo mtu mwenyewe alivyositirika.

Wanaomtetea husema kwamba alikuwa mfanyabiashara wa pembe, na kwamba utumwa ulikuwa jambo la kando lililomkuta njiani. Kwangu mimi utenganisho huo hausimami, na anayeuvunja ni Tippu Tip mwenyewe kwa hesabu zake.

Tuchukue vita vyake na Nsama, mtawala wa Itahua, mwaka 1867, vilivyomjengea jina. Anataja nyara zake: frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba ya Katanga. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Mpagazi wa bara alibeba kama frasila mbili. Pembe peke yake zilihitaji mabega 975, na shaba mabega mengine 350. Msomaji akishapiga hesabu hiyo hana budi kuuliza ni nani waliobeba. Vita vile vilileta pia mateka, nao wanapita katika masimulizi bila jina na bila kauli, ilhali pembe zimepimwa frasila kwa frasila. Uangalifu wa mizani na uzembe juu ya watu vimetoka katika kalamu moja.

Hapa pana pingamizi la haki. Wanyamwezi walibeba mizigo kwa ujira. Walijadili malipo yao na walijivunia kazi hiyo. Ni kweli, na yeyote anayewaita wapagazi wote watumwa anawadhulumu. Lakini kadiri msafara ulivyosogea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Manyema na Kasongo, ndivyo ujira ulivyopungua na nguvu ya bunduki ilivyoongezeka. Huko mtu mwenyewe aligeuka kuwa sarafu: wanawake na watoto walikamatwa, kisha jamaa zao wakatakiwa kuwakomboa kwa pembe. Waliobaki mikononi mwa watekaji walilima mashamba yaliyolisha vituo, au walitwishwa mizigo. Pembe iliyopatikana kwa njia hiyo haiwezi kuitwa bidhaa safi iliyosafiri karibu na bidhaa chafu. Ni fidia ya mtu.

Na faida haikuwa yake peke yake. Misafara ilitoka kwa mali kauli: tajiri wa Unguja alitoa vitambaa vya merikani, shanga na baruti kwa ahadi, na deni lililipwa pembe zilipofika pwani. Taria Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi, alimkopesha Tippu Tip kwa miaka mingi. Kutoka Unguja pembe zilivuka bahari hadi viwanda vya Connecticut, Marekani, zikachongwa vibonyezo vya piano. Katika mnyororo huo kila mtu alikuwa na daftari, na hakuna daftari lililohitaji kuandika namna pembe ilivyopatikana. Nadhani hilo ndilo linaloeleza sifa yake nzuri: wale waliomsifu walimwona mwishoni mwa mnyororo, akiwa amevaa kanzu nyeupe, mkarimu na mwenye adabu. Mpelelezi Stanley alimsifu hivyo, na mwaka 1876 alimwahidi dola 5,000 amsindikize kwa mwendo wa vituo 60. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyejitangaza mbele ya Ulaya kuwa adui wa biashara ya watumwa, alimteua kuwa wali wa Stanley Falls, Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Tippu Tip alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hutajwa kuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000 kabla ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa visiwani mwaka 1897. Alifariki mwaka 1905, na nyumba yake bado ipo Shangani, Unguja.

Kuna kisa kimoja katika kitabu chake ambacho wasomaji hukifurahia kama ushahidi wa werevu, nami kila nikikirudia nashindwa kukifurahia. Alipofika nchi ya Utetera alimwambia mtawala mzee, Kasongo Rushie, kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mzee huyo walitekwa wakapelekwa mbali, na kwamba yeye, Tippu Tip, ni mjukuu wa mmojawapo. Mzee alimsadiki, akamkabidhi utawala pamoja na pembe zilizofuatana nao. Uongo huo haukuhitaji ushahidi. Watu wa Utetera walikuwa wakijua kwamba wanawake huchukuliwa, na mzee yule alikuwa angali akiwangoja wake.