Samaki wa Ziwa Masoko

Ziwa Masoko, liitwalo pia Kisiba, ni ziwa dogo la kreta katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Upana wake ni kama mita 700 na kina chake kinakaribia mita 40. Liliumbika kwa mlipuko wa volkano miaka ipatayo 50,000 iliyopita. Kwa mwanafunzi wa elimu ya samaki, hakuna mahali pengine katika Nyanda za Juu Kusini panapomfaa zaidi, kwani hapa aina moja ya samaki imekutwa katikati ya kugawanyika kuwa mbili.

Samaki mwenyewe ni Astatotilapia calliptera, jamaa mdogo wa perege na sato. Huishi pia kandokando ya Ziwa Nyasa, kwenye mito na mabwawa yake. Jike huatamia mayai mdomoni. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike anapoyadonoa hupokea mbegu za dume, na mayai aliyokwisha kuyakusanya yanarutubishwa humo humo kinywani.

Masoko samaki hao ni wa namna mbili. Madume wa majini juu, penye kina kisichozidi mita 5, ni wa njano. Mwanga huko ni mwingi na oksijeni inatosha. Chakula chao ni wadudu wa majini, na taya za kooni, ambazo samaki hawa wanazo mbali na zile za mdomoni, zina meno butu ya kusagia. Chini ya mita 20 mwanga ni hafifu na madume ni wa buluu. Wale wa chini hula zaidi viumbe wadogo sana wanaoelea majini, na meno yao ya kooni ni membamba, yenye ncha. Hakuna ukuta kati ya makundi hayo. Kinachoyatenga ni kina, mwanga na chakula.

Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Milan Malinsky na wenzake, akiwemo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Walisoma jenomu za samaki 146 wakaona kwamba makundi hayo yalianza kuachana katika miaka 500 hadi 1,000 hivi iliyopita. Kwa elimu ya viumbe huo ni muda mfupi mno. Sehemu kubwa ya vinasaba ingali inafanana. Tofauti zimejikusanya katika maeneo 98, na baadhi yake yana jeni za homoni na za uwezo wa kuona. Mojawapo ni ya rodopsini, protini ya jicho inayotumika kuona penye mwanga mdogo.

Utafiti wa baadaye, ulioongozwa na Grégoire Vernaz na kutoka mwaka 2022, ulionyesha kuwa makundi hayo yanatofautiana hata katika alama za kikemia zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi itulie, zikiwemo jeni za himoglobini inayobeba oksijeni.

Kazi ya namna hii huanza kwa nyavu na wapiga mbizi kabla ya kufika maabara: kina kinapimwa, matumbo yanapasuliwa ili kujua samaki kala nini, kipande cha pezi kinahifadhiwa kwa ajili ya vinasaba. Hata mkazi wa Mlandege, mjini Iringa, anaweza kuanza na kambale wa sokoni. Akimfunua juu ya matamvua atakuta viungo vyenye matawi kama kichaka, ambavyo humwezesha kuvuta hewa. Ndivyo kambale anavyostahimili madimbwi ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Tishio kubwa kwa samaki wa Masoko ni kupandikiza samaki wageni. Katika mabonde mengi ya Tanzania sato wa kufugwa amefika mitoni na kuzaana na perege wenyeji. Ziwa dogo kama Masoko halina pa kuwakimbizia samaki wake. Wanaofuga samaki Rungwe wabaki na mabwawa yao, na vifaranga vya sato visimwagwe kabisa kwenye maziwa ya kreta.