Betri Nne Zilizoshinda Rangi

Watu wengi huamini kwamba katika biashara ya mitambo, mshindi ni yule mwenye chombo cha kisasa zaidi. Historia ya mashine za mkononi za michezo ya video inasema vingine.

Mwaka 1979 kampuni ya Milton Bradley ya Marekani ilitoa Microvision, mashine ya kwanza ya mkononi iliyoweza kubadilishwa kaseti za michezo. Haikudumu sokoni. Mwaka uliofuata Nintendo ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ikaleta Game & Watch. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, aliajiriwa mwaka 1965 kutunza mitambo ya kiwanda cha karata. Husimuliwa kwamba wazo hilo alilipata ndani ya treni, alipomwona abiria akijiburudisha kwa kubonyezabonyeza kikokotoo.

Falsafa ya Yokoi ilikuwa moja: chukua teknolojia iliyozoeleka, ambayo bei yake imekwisha shuka, uitafutie matumizi mapya. Ndivyo ilivyozaliwa Game Boy mwaka 1989. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Lakini ilitumia betri nne ndogo zilizodumu zaidi ya saa 10, na huko Marekani iliuzwa dola 90 hivi, pamoja na Tetris, mchezo uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov, ambao hata watu wazima waliupenda.

Mwaka huo huo Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na taa, kwa bei karibu mara mbili. Mwaka 1990 Sega ikafuata na Game Gear. Zote mbili zilimeza betri sita kwa saa chache tu. Mzazi aliyenunua mashine alijikuta ananunua betri kila mara.

Matokeo yake? Game Boy na ndugu yake mwenye rangi wa mwaka 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Washindani wale hawakuikaribia idadi hiyo.

Yokoi mwenyewe naye hakusalimika. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, mashine ya kuchungulia picha nyekundu, isiyoingia mfukoni. Iliondolewa sokoni kabla ya kutimiza mwaka. Aliondoka Nintendo mwaka 1996, na mwaka 1997 akafa katika ajali ya barabarani.

Wahenga walisema, kila mtu hujikuna ajipatapo. Anayebuni chombo hana budi kujiuliza kwanza mkono wa mnunuzi unafika wapi.