Ugonjwa wa Viazi Usio na Mdudu

Katika miaka ya 1920 wakulima wa Marekani walichimba viazi vya kizungu vya ajabu: virefu, vyembamba, vimechongoka huku na huku kama kijiti cha kusokotea uzi. Tena vilikuwa haba. Kisu kilichokata mbegu yenye ugonjwa kiliambukiza na mbegu zenye afya. Wataalamu wakasema: ni virusi. Nasi tungalisema vivyo hivyo.

Katika miaka ya 1960 Bwana Raymer na Bwana Diener, huyu wa pili mzaliwa wa Uswisi, waliitafuta virusi hiyo huko Beltsville, jimbo la Maryland. Walizungusha maji ya mmea mgonjwa katika mashine yenye mbio sana, ambayo huzamisha virusi chini. Lakini ugonjwa ulibaki juu. Walipotia dawa inayokata ARN, yaani ule uzi unaochukua maagizo ndani ya chembe hai, ugonjwa ukafa. Kumbe ulikuwa uzi mtupu, hauna hata gamba!

Mwaka 1971 Diener akauita viroidi. Wengi walisita, wala hatuwalaumu. Mwaka 1978 wataalamu wa Ujerumani walisoma herufi zake zote: 359 tu, zimeungana duara, wala hazina agizo hata moja la kutengeneza protini.

Basi, yazaaje? Viroidi huingia katika kiini cha chembe ya mmea. Humo mna polimerasi. Sisi tumwite karani. Kazi yake ni kusoma ADN na kuandika nakala za ARN. Viroidi ni ARN, lakini karani hudanganyika, akaanza kuinakili. Kwa kuwa ni duara, hafiki mwisho: huzunguka na kuzunguka, akitoa uzi mrefu wa nakala zilizo kinyume, kama maandishi ya mhuri. Uzi huo nao hunakiliwa, na kinyume hurudi kuwa sawa. Ndipo kimeng'enya kimoja hukata uzi vipande, na kingine, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuunga ADN, huunga ncha za kila kipande. Huyo mwungaji alijulikana mwaka 2012 tu. Karani, mkataji, mwungaji: wote ni watumishi wa mmea wenyewe.

Dawa ya kuponya shamba haipo. Wakulima hung'oa mimea migonjwa, huosha visu, hupanda mbegu iliyopimwa. Huko Ufilipino viroidi nyingine, yenye herufi 246, imeua minazi zaidi ya milioni 30. Mnazi haufi upesi. Mwenyewe huona nazi zikipungua mwaka hata mwaka, mpaka hakuna tena.