Elimu ya Kuilinda Kompyuta katika Nchi ya Mlima Kenya

Msomaji, fikiri habari ya mkulima wa chai wa Kangari, kule vilimani Murang'a. Baba yake alipokea malipo kwa noti, akazihesabu na kuzifunga kitambaani. Yeye mwenyewe, tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi, 2007, amezoea kuziona fedha zake kama tarakimu katika simu. Noti zililindwa kwa kufuli. Je, tarakimu hulindwa kwa nini? Ili tupate jibu yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Tarehe 2 Novemba, 1988, kijana wa Kimarekani, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe toka kompyuta hata kompyuta. Yakisiwa kwamba kompyuta 6,000 hivi zilipatwa. Angalia jinsi ilivyoingia, maana hapo ndipo penye elimu. Mlango mmoja ulikuwa programu ndogo iliyotengewa nafasi ya herufi 512 za kupokea maneno, wala haikuyapima kabla ya kuyapokea. Ikapelekewa herufi 536. Mtu akimimina pishi ya mahindi katika kibaba, punje humwagika tu chini. Lakini humo zilizomwagika ziliangukia mahali pa kuwekea amri, na kompyuta ikazitii kana kwamba zimetoka kwa bwana wake. Kosa lilikuwa la mtu aliyesahau kupima.

Huku kwetu msukosuko huo haukusikika sana. Intaneti ilifika Kenya katikati ya miaka ya 1990, tena kwa bei kubwa. Hata mwaka 2009 nyaya zilizolazwa chini ya bahari zikafika Mombasa, njia ikapanuka, na wageni wabaya wakapata pa kupitia.

Mwezi wa Julai, 2023, mfumo wa eCitizen, ambao kwa huo wananchi huomba pasipoti na leseni, ulishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuwa ndilo lililotenda. Serikali ilisema kwamba habari za watu hazikupotea, na kwa namna ya shambulio lenyewe neno hilo laweza kuaminika: washambulizi hawakuvunja mlango, bali waliusonga kwa umati wa maombi ya uongo, hata wenye haja ya kweli wasipate kupita. Wengi hudhani ulinzi ni kuficha siri basi. Mimi naona kwamba aliyekosa pasipoti siku ya safari ameumia sawasawa na aliyeibiwa.

Tena kuna kasoro zilizo chini kabisa. Mwezi wa Januari, 2018, wataalamu walitangaza mbili, Meltdown na Spectre, ambazo hazimo katika programu bali katika kipande cha silikoni kilicho moyo wa kompyuta. Kipande hicho, kwa kupenda upesi, huanza kazi kabla ya kujua kama itahitajiwa. Isipohitajiwa huitupa, walakini alama zake husalia, na mjuzi aweza kuzisoma kama mwindaji asomavyo nyayo msituni. Basi anayetaka kuilinda kompyuta hana budi kuijua silikoni yenyewe pia.

Elimu ya namna hiyo sasa haiko mbali na Kangari. Mjini Nyeri kilianzishwa chuo cha ufundi mwaka 1972, kikapewa jina la Kimathi, ambaye aliandika barua na kumbukumbu nyingi msituni, nazo zikatekwa na kusomwa na Waingereza, wasioandikiwa. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Na Desemba, 2012, kikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Katika ardhi yake kipo kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, kinachoshughulika na silikoni hiyohiyo. Kazi ya namna hiyo hufanywa katika vyumba ambavyo hewa yake huchujwa, na wafanyakazi hujifunika toka kichwani hata miguuni, maana chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu kipande kizima.